Kitalu Nilichokifuta

Vijana wa kituo chetu cha utafiti wa udongo mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Asanteni kwa heshima hiyo. Najua aliyewatuma ni Zubeda, na najua shida yake si kumbukumbu zangu. Anataka nikiri jambo moja hadharani. Nitalikiri, ila kwa mpangilio wangu, na nyinyi mtangoja. Mimi nimewahi kungoja jibu la barua kutoka makao makuu miezi mitano, kwa hiyo kurasa chache hazitawaua.

Vyeo na mishahara siandiki. Havikuwa vingi kiasi cha kuharibu karatasi.

Niliripoti kituoni mwezi wa sita, na mnaujua upepo wa Ufipa mwezi huo. Mimi ni mzaliwa wa Mwimbi, baridi ilinikuza, lakini siku hiyo nilivaa blauzi nyepesi na viatu vya kisigino. Nilidhani mtaalamu wa udongo ni mtu anayeuangalia udongo kwa mbali. Bwana Mkuu wa wakati ule alinipokea vizuri, akanionyesha kiti kisicho na meza, kisha akanikabidhi kwa Mzee Apolinari, mhudumu wa shamba, mtu wa darasa la nne. Mzee akaniangalia miguu kwa muda mrefu.

"Binti, hivyo viatu ni vya kupandia au vya kuvunia?"

Chuoni nilikuwa nimesoma udongo miaka mitatu. Mzee Apolinari alihitaji wiki moja kunionyesha kwamba nilikuwa nimesoma vitabu. Alinifundisha kulizamisha lile bomba la chuma la kuchotea udongo kwa uzito wa mwili badala ya hasira. Alinifundisha kuchota huku na huku shambani, kuchanganya kwenye ndoo, na kukaa mbali na njia za ng'ombe na vichuguu. "Ukichota penye kichuguu," alisema, "utaandika kwamba Ufipa nzima ina rutuba, na serikali itakuamini." Alinifundisha kuandika kwa penseli, maana wino na mvua havijawahi kupatana. Na alinipa sheria moja ambayo aliirudia mpaka nikachoka: ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, kiendelee kusomeka, halafu andika pembeni kwa nini.

"Daftari si ubao wa darasani," alisema. "Ukifuta, hata wewe mwenyewe kesho hutajua ulidanganya nini."

Sheria hiyo nimewafundisha wote mliopita mikononi mwangu, tena kwa ukali, na kuna wawili waliwahi kulia. Ikumbukeni, tutairudia.

Sasa niwaeleze jinsi mtu alivyokuwa akiuliza swali enzi zetu, maana nyinyi mnabonyeza kioo cha simu na Mhabeshi aliye huko Ethiopia anawajibu kabla chai haijapoa. Sisi tuliandika barua. Ilichapwa, ikapigwa muhuri, ikasainiwa na Bwana Mkuu, ikapanda basi. Baada ya miezi mitano lilikuja jibu: "Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi." Basi. Mahindi uliyoulizia yalikuwa yamevunwa, yamekobolewa, na wewe mwenyewe umeshakula ugali wake. Shuleni walituambia kuuliza si ujinga. Ofisini ukiuliza mara mbili, wanaanza kunong'ona kwamba cheti chako kina walakini. Kwa hiyo ulijifunza kunyamaza kitaalamu. Unakunja uso, unasema "inategemea," na watu wanakuona msomi.

Mwaka wangu wa tatu tulipewa jaribio la mbolea ya dukani kwenye mahindi. Zilihitajika ardhi na subira, na mimi nikajitia kimbelembele: nikasema mama yangu ana shamba Mwimbi. Mama akatoa kipande chake kizuri bila kuuliza mara mbili. Bintiye alikuwa mtaalamu, na kijiji kizima kilikuwa kimeshatangaziwa.

Upande mmoja wa kipande hicho ulikuwa na ntumba. Kwa wasio wa kwetu: ntumba ni tuta la mviringo. Mvua zikikaribia kuisha, unalima nyasi na udongo wake, unavipindua pamoja, unavifunika vikae kama kichuguu kidogo. Nyasi zinaozea ndani. Juu yake unapanda maharage, na msimu unaofuata unalitawanya tuta, unapanda ulezi au mahindi. Mama alifanya hivyo, na mama yake, na wa nyuma yao wote. Bwana Mkuu alipoziona ntumba alisikitika kana kwamba amekuta shamba lina upele. Aliamuru tusawazishe kila kitu kiwe kama meza, tukapima vitalu kumi na viwili kwa kamba, mistari imenyooka hata askari wangeionea wivu.

Wakati wa mavuno, kitalu namba nne kikatuaibisha. Hakikuwekwa mbolea hata punje, lakini mahindi yake yaliyashinda ya vitalu vilivyowekewa. Tulipima mara mbili. Mama alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake, akacheka.

"Si ndipo zilipokuwa ntumba zangu pale? Majani yameozea chini. Mahindi yanakula huko."

Nilijua. Hamkusikia vibaya. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana jembe la ntumba nimelishika tangu nina miaka saba. Nikalibeba jibu la mama mpaka ofisini, na pale mezani walikaa wanaume watano wenye miwani. Bwana Mkuu akanyanyua karatasi yangu.

"Hiki namba nne kimeharibu kazi yote. Au ndiyo mambo yenu ya Sumbawanga?"

Wakacheka. Mtu ana shahada tatu, na alikuwa tayari kuamini uchawi kabla ya kuamini majani yaliyooza! Lakini siwezi kumcheka sana, kwa sababu yeye hakujua. Mimi niliyejua nilicheka pia, tena kuwashinda wote. Ningesemaje? "Mama yangu anasema"? Mbele ya miwani ile? Niliona aibu. Nilimwonea aibu mama yangu, na neno hilo nimelikwepa kuliandika zaidi ya miaka thelathini.

"Kiondoe," akasema.

Sikupiga mstari. Nilichukua kifutio nikafuta safu nzima ya namba nne. Ripoti ikatoka safi kama nguo ya Pasaka. Wiki ile ile Mzee Apolinari alipekua daftari langu, akafika ukurasa ule, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Hapa amepita panya?"

Hakungoja jibu, na hakulirudia swali mpaka anastaafu.

Kutokana na ripoti hiyo safi, tulizunguka vijijini tukiwaambia wakulima waachane na ntumba, walime sesa, yaani shamba tambarare bila matuta, na wanunue mbolea. Mimi ndiye niliyekuwa naongea, kwa sababu najua Kifipa. Watu wa kijiji cha Kaoze walinisikiliza kwa adabu kisha wakafanya walivyotaka, Mungu awabariki kwa ukaidi wao. Lakini Mwimbi kuna mama mmoja alitii. Angekataaje, wakati aliyesema ni bintiye? Mwaka ambao hakupata mbolea mahindi yake yalitoka ya manjano, mafupi, na aliniambia labda amezeeka, mkono wake umepoteza baraka. Nikamwambia, "Pole mama." Ndivyo nilivyosema, pole mama. Alifariki miaka minne kabla Zubeda hajaja, akiamini kosa lilikuwa la mkono wake.

Haya, sasa Zubeda.

Alikuja kutoka Kirando, kule ziwani, binti wa wauza dagaa, na hijabu ya rangi ya chungwa ambayo ilionekana kabla yeye mwenyewe hajafika. Mkataba wake ulikuwa wa muda wa majaribio. Alinipa shikamoo nzuri, nikaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kuitikia simu yake ikalia. Halafu ikalia tena. Nikamuuliza kama kuna msiba.

"Hapana Mama, ni kundi letu. Chipukizi wa Udongo."

Akanieleza kwa furaha. Vijana watafiti wa udongo, wa hapa, Kenya, Malawi, Zambia, mpaka Ethiopia, hawajawahi kuonana, wanaulizana maswali simuni kutwa nzima. Nikasema vizuri sana, enzi zetu watu wasiojuana wanaopeana ushauri tuliwaita walevi. Nilichukua boksi la kuhifadhia sampuli nikaandika SIMU, nikaliweka mlangoni mwa maabara. Kila asubuhi Zubeda alitumbukiza simu yake humo kama anatoa sadaka, na boksi liliunguruma mpaka saa ya chai.

Wakati wa chai nilisikiliza wanachoandikiana, kwa ajili ya kuwasimanga tu. Mmoja anauliza jambo, watu ishirini wanampigia makofi ya katuni. Mwingine amekataliwa makala yake, wanamwambia pole, wanamsimulia zao zilizokataliwa. Nikasema, hii si sayansi, hii ni jumuiya ndogondogo bila rozari. Ila niliona pia kwamba anayehitaji andiko lililofungiwa anatumiwa kabla hajamaliza kulalamika, na tangazo la ufadhili likitoka, hakuna anayelikalia. Sisi tulilikalia, tena tukalifunika kwa faili.

Kisha kikaharibika kile kifaa cha kupimia uchachu wa udongo. Nikaandika barua ya kuomba fundi, kwa adabu zote. Miezi miwili, kimya. Siku moja narudi kutoka stoo, namkuta Zubeda amechovya ncha ya kifaa kwenye kikombe cha maji ya chumvi, na mtu wa Malawi anamwelekeza kwa sauti. Kabla ya saa kumi kilikuwa kinasoma vizuri kabisa. Nilikasirika siku nzima, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba kimepona.

"Na kikiungua?" nilimfokea.

"Basi Mama, kingekuwa kibovu kama kilivyokuwa jana."

Jeuri ya watu wa ziwani, nikajisemea.

Mwaka wake wa pili alipewa jaribio lake mwenyewe, la mbolea kwenye mahindi. Mahali? Mwimbi. Mkuu wa kituo wa wakati huo, ambaye sote tulimwita Dokta, alitaka ripoti safi kabla wageni wa wizara hawajafika, na alisema wazi kwamba mkataba wa Zubeda utaamuliwa kwa ripoti hiyo. Ikiwa nzuri, anabaki. La sivyo, basi la Kirando linajulikana linapoegeshwa. Na nyumbani kwao ndiye mtoto wa kwanza kupata kazi ya ofisini, wadogo zake watatu wakimtazama.

Alirudi kutoka mavunoni, akakaa mbele ya meza yangu, uso umeporomoka.

"Mama Fausta, kitalu namba tisa kimenikataa. Hakina mbolea lakini kimevizidi vyenye mbolea. Nimepima mara tatu. Dokta ameniambia nikiondoe, takwimu zikae sawa. Nifanyeje?"

Nawaapieni, nilisikia upepo wa mwaka ule. Na mdomo wangu ukafunguka, ikatoka sauti ya Bwana Mkuu marehemu.

"Kiondoe."

"Lakini Mama, wewe ndiye uliyenifundisha nisifute."

"Nilikufundisha usifute kwenye daftari. Ripoti ni kitu kingine."

Loh! Nimesema maneno mengi ya kipuuzi kazini, lakini hayo ndiyo yanayostahili kuchongwa kwenye jiwe langu. Zubeda hakubishana. Alikwenda kwenye boksi, akatoa simu, akapiga picha ya jedwali lake na ya shamba, akaandika swali kundini. Nikamwambia anajivua nguo mbele ya nchi tano. Akasema afadhali avuliwe na wenzake kuliko na wageni wa wizara.

Wakati wa chai majibu yakaanza kuingia, na mimi nikajikalisha karibu kuburudika. Wa kwanza alisema ni panya. Wa pili alisema mizani mbovu. Wa tatu, aliyejiandika profesa mtarajiwa, alitoa maelezo marefu yenye uhakika mkubwa, yote uongo, nikamwambia Zubeda huyo atafika mbali. Kisha akaandika kijana mmoja wa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu, aitwaye Chanda. Zubeda akasoma kwa sauti, akitafsiri.

"Anauliza, kabla ya kusawazisha shamba, upande huo palikuwa na matuta ya mviringo? Anasema huko kwao bibi yake hufukia nyasi ndani ya matuta, na mahali yalipokuwa mahindi hayahitaji kitu. Anasema... subiri... anasema, 'Wewe uko Ufipa, dada, usisumbuke na sisi. Muulize mama yeyote mzee wa hapo, atakuambia.'"

Akanyanyua macho kutoka kwenye simu. Akanitazama. Mle chumbani hapakuwa na mama mzee mwingine.

"Mama Fausta. Wewe si mtu wa Mwimbi?"

Nilikuwa na kiazi mdomoni na hakikumezeka. Swali limepanda hewani, limevuka mpaka, limekwenda mpaka kwa bibi wa watu Mbala, limerudi, na jibu lilikuwa limekaa kiti cha pili likinywa chai. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na uzoefu mkubwa wa kusema hivyo. Lakini mtoto yule alikuwa ameuliza mbele ya nchi tano bila aibu, na mimi nilishindwa mbele ya wanaume watano.

Nikaenda kabatini. Madaftari yangu yote yapo, najisifu kwa hilo. Nikalitoa lile la mwaka wa tatu, nikalifungua, nikaliinamisha dirishani. Kifutio kinachukua rangi ya penseli lakini hakichukui alama ya mkono. Namba zote zilionekana, zimechimbika kwenye karatasi.

Zubeda akazifuatisha kwa kidole. "Hii namba nne ni nini, Mama?"

"Ni mama yangu," nikasema, na hapo nikalia, mbele ya mtoto ambaye ni mmoja wa wale wawili niliowahi kuwaliza.

Nilimwambia yote, kama nilivyowaambia nyinyi. Hakusema pole. Alisema, "Twende kwa Dokta," na akatangulia.

Dokta alinisikiliza, akavua miwani. "Mama Fausta, umebakiza miezi michache ustaafu. Unajitafutia maneno ya nini?"

"Nayatafuta kwa sababu niliyapoteza mwenyewe, Dokta. Ukikiondoa kitalu cha huyu binti, uandike na jina langu kwamba niliondoa cha kwangu, na sababu zote mbili ni hizo hizo."

Akasema atatafakari, yaani hapana kwa lugha ya ofisi. Wiki tatu Zubeda alikuja kazini bila kujua kama ana kazi. Begi lake lilikuwa limefungwa chini ya kitanda, aliniambia mwenyewe. Lakini hakukigusa kitalu namba tisa, na kila jioni kundi lile nililoliita walevi lilimwandikia asiondoe. Chanda alituma picha za matuta ya bibi yake, na bibi mwenyewe amesimama juu ya mojawapo akiwa amekasirikia kamera. Siku ya wageni, bila Dokta kuwa amesema ndiyo wala hapana, ripoti ilisomwa ikiwa na vitalu vyote, namba tisa ikiwemo, na picha ya ukurasa wangu uliofutwa nyuma yake. Kati ya wageni hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza kuhusu vitalu vingine. Maswali yote yalikuwa ya namba tisa, na Dokta aliyajibu kwa ufasaha, akianza kila jibu na "kama nilivyokuwa nikisisitiza siku zote." Mkataba wa Zubeda ukasainiwa kabla wageni hawajapanda magari.

Siku nilipoagwa mlinipa saa ya ukutani, ili niwe naangalia muda wakati sina tena pa kuwahi. Asanteni sana, inakwenda. Zubeda yeye alinipa simu yenye kioo, akaniingiza kwenye kundi lake bila idhini yangu. Humo wananiita Bibi Udongo. Nimewaambia vikaragosi vya makofi wapigiane wenyewe, mimi niandikiwe sentensi.

Juzi nilikuwa nimekaa uani napepeta ulezi, simu ikaunguruma. Binti mmoja, hata sijui wa nchi gani, ameandika kwa Kiswahili cha woga: "Samahanini. Kitalu changu kimoja hakifanani na vingine. Mkuu wangu anasema nikiondoe. Mwenye shamba ni shangazi yangu na ana maelezo yake, ila naona aibu kuyapeleka ofisini. Nifanye nini?" Makofi na pole vikaanza kumiminika, na profesa mtarajiwa naye akaanza kuandika.

Nikaweka ungo chini, nikavaa miwani. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, lakini ndicho nilicho nacho kwenye kioo hiki, na nilikimbiza mpaka nikamtangulia profesa.

"Usifute. Andika alichosema shangazi yako, na jina lake liandike kabla ya lako. Mimi la mama yangu nimelichelewesha. Aliitwa Veronika Nakazwe, wa Mwimbi, na namba nne ilikuwa sahihi."